Alaska au Italia: mashindano gani ya mashua yatufae Ziwa Victoria?

Kwa sisi tunaotamani kuona mashua zikishindana kutoka Entebbe hadi Jinja, mifano miwili ya ng'ambo inastahili kupimwa. Mashindano ya Race to Alaska, yaliyoanza mwaka 2015, huwapeleka washiriki takriban kilomita 1,200 kutoka Port Townsend, katika jimbo la Washington nchini Marekani, hadi Ketchikan, Alaska, kwa tanga, kasia au pedeli, bila injini yoyote. Mshindi hupata dola 10,000, na wa pili huambulia seti ya visu vya kukatia nyama. Busara yake kubwa, kwa maoni yangu, ni hatua fupi ya kwanza hadi mji wa Victoria nchini Kanada, ambayo huwachuja wasio tayari kabla ya kuyakabili maji magumu zaidi. Mwaka 2018 timu ya wanawake pekee iliibuka mshindi.

Mfano wa pili ni Palio ya Italia, mashindano ya mashua ya tangu miaka ya 1950, ambayo huzikutanisha timu za miji ya Amalfi, Genova, Pisa na Venezia katika mita 2,000 za kupiga makasia. Inapendeza kutazamwa, ila mvuvi mwenye mtumbwi wake hana nafasi humo.

Nachagua mfano wa Alaska, mradi mchujo ubaki na jaketi za kujiokolea ziwe sharti, kwa maana dhoruba za ziwa letu huua.