Omron M2 ndani ya kabini: mashine ya presha kwa dereva wa masafa marefu

Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hukaa kitini kutwa, hulala kwa vipande, hula chipsi na nyama za kunyunyizia chumvi mezani, na usingizi ukimzidi huufukuza kwa kinywaji cha kuongeza nguvu au sigara. Yote hayo yanasukuma presha juu, na presha ikipanda haipigi hodi. Mashine ya kuipima haina kazi ikikaa sebuleni wakati mwenyewe yuko Mikumi. Iwe ndani ya gari. Kwa kazi hiyo Omron M2 tunaipitisha, ila kwa masharti.

Ni mashine ya mkono wa juu: mkanda wa kuvaa juu ya kiwiko, mpira wa hewa, kioo kinachotoa namba ya juu, namba ya chini na mapigo ya moyo. Inatumia betri nne za AA, na hilo ni jambo kubwa kwa lori. Soketi ya lori kwa kawaida ni volti 24, mashine inataka volti 6. Waya wa kubahatisha utaiunguza. Weka betri za alkalini na seti moja ya akiba. Zile za kuchaji zina volti 1.2 kila moja, hazifikishi nguvu inayotakiwa.

Kasoro kubwa zaidi ni mkanda. Kwa baadhi ya matoleo ya M2, unaokuja nao ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, na mkono wa dereva mwenye mwili unapita hapo kirahisi. Kabla ya kulipa, chukua futi ya fundi cherehani, pima katikati ya bega na kiwiko. Ukipata 34, usijidanganye kwamba mkanda umefunga kwa hiyo unafaa: mkanda mdogo hutoa namba kubwa kuliko ilivyo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa asizohitaji. Tafuta mkanda mpana, na muuzaji akuhakikishie kwamba unaoana na modeli hiyohiyo.

Wengi huvutiwa na zile za kifundo cha mkono kwa sababu zinaingia mfukoni. Kwa dereva hatuzishauri. Kifundo lazima kiwe usawa wa moyo. Kikishuka sentimita 10 tu, namba inapanda kama 8. Dereva aliyechoka anauweka mkono pajani, anasoma 150, kumbe yuko chini ya 140.

Hata M2 itakudanganya ukipimia kwenye kiti cha dereva huku injini inaunguruma. Mashine hii inasoma mtikisiko mdogo wa mshipa wa damu ndani ya mkanda, kwa hiyo kabini ikitetemeka inachanganya mtetemo wa injini na wa mshipa: itajaza hewa tena na tena, mwishowe itaonyesha hitilafu. Zima injini. Hamia kiti cha utingo, ambako miguu inakaa bapa sakafuni na usukani haukubani tumbo. Kojoa kwanza, maana kibofu kilichojaa kinapandisha presha. Iwe imepita nusu saa tangu sigara, kahawa au mirungi. Vua shati lenye mkono mzito badala ya kulikunja, vaa mkanda sentimita 2 juu ya mkunjo wa kiwiko, mkono ulale juu ya begi au mto usawa wa kifua. Tulia dakika 5 bila simu wala maongezi. Pima, subiri dakika 1, pima tena, andika zote mbili daftarini na saa yake. Kumbukumbu ya mashine haitenganishi watu. Utingo akijipima, namba zake zinaingia kwenye zako.

Joto nalo. Mashine hufanya kazi kati ya nyuzi 10 na 40, na kuhifadhiwa isizidi 60. Dashibodi iliyoanikwa juani bonde la Ruaha Mbuyuni inaweza kuupita mpaka huo, na mpira wa mkanda ndio huanza kuharibika, hasa pale unapochomekwa kwenye mashine. Iweke chini ya kitanda cha kabini, na usiuzungushie mpira kwenye kiboksi kwa kuukaza. Anayepanda Njombe alfajiri ya Julai aipashe kwanza ndani ya blanketi.

Kipimo kimoja hakisemi kitu. Foleni ya mpakani Tunduma ni nafasi nzuri: asubuhi kabla ya dawa na chai, na jioni, siku 7 mfululizo. Acha siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Kwa vipimo vya kujipimia, 135/85 kwenda juu ni presha ya kupanda. Mpelekee daktari daftari lenyewe. Mwambie pia kama unameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo, kwa sababu inapandisha presha na kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha. Na kama unaruka kidonge cha presha cha kukojoza kwa hofu ya kukosa choo njiani, usimfiche: zipo dawa zisizokojoza, kama amlodipini.

Ikisoma 180/120 au zaidi, tulia dakika 5 urudie. Ikibaki hapo na kuna maumivu ya kifua, kuona ukungu, kuhema kwa shida au upande mmoja wa mwili kulegea, ufunguo usirudi kwenye swichi. Mtu mwingine akupeleke hospitali ya karibu saa hiyohiyo. Isipokuwa na dalili yoyote, gari libaki limepaki na umwone daktari siku hiyohiyo, mzigo utasubiri.