Rivyu: koti la sufu la mtumba, miaka 2 ofisini na bado linadunda

Nianze na suti niliyonunua kabla ya hili koti ndo mtanielewa. Nilipopata kazi nikakimbilia dukani nikachukua suti mpya nyeusi inang'aa, muuzaji ananiambia umetoka bosi na mimi nikajiona bosi kweli. Haikupita miezi 4 nikaipeleka draikilina, ikarudi kifuani imejaa mapovu mapovu kama ukuta ulionyonya maji. Nikaenda na hasira zangu nikijua wameniunguzia, kumbe koti lenyewe ndo bovu, kile kitambaa cha katikati kinachoshikilia kifua kilikuwa kimebandikwa kwa gundi ya ovyo na joto likaiachisha. Fundi akaniambia hapo hamna cha kurekebisha.

Ndo nikahamia mtumba. Hili ni la bluu iliyokolea, lebo inasema sufu asilimia 100, navaa kama siku 3 kwa wiki. Kabla ya kulipa nilifanya alichonifundisha yule fundi: unashika sehemu ya mbele chini ya kifungo cha mwisho, mkono mmoja unabana kitambaa cha nje, mwingine bitana, yaani kile cha ndani kinachogusa shati, unavitenganisha taratibu. Ukisikia kuna kitambaa cha tatu kinacheza katikati basi hicho kimeshonwa, hakijabandikwa. Ukikuta tabaka mbili tu na la nje limekakamaa, hiyo gundi. Muuzaji ananiangalia kama nakagua meno ya ng'ombe, sawa tu.

Lebo nayo sikuiamini sana, nilipofika nyumbani nikachomoa kauzi kwenye mshono wa ndani nikakachoma. Kakanuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika kidoleni, sufu hiyo. Poliesta ingeyeyuka ikawa kijidonge kigumu.

Mabega ndo ya kuangalia kuliko vyote, yakikupwaya rudisha koti hata kama umelipenda vipi, maana kuyapunguza ni kama kulishona upya. Langu mabega yalikaa, mikono ndo ilikuwa mirefu, na bahati vifungo vya mkononi vilikuwa vya urembo tu, matundu hayajakatwa, kwa hiyo fundi akafupisha fasta. Kiuno pia akabana kidogo na hapo ndo watu wakaanza kuniuliza limeshonwa wapi.

Mabaya yake sasa. Lina bitana nzima kwa hiyo joto likipanda unaiva humo ndani. Suruali yake ilisagika mapajani mapema sana, hizo huwa zinakufa kabla ya koti, ningejua ningechukua koti peke yake nikavaa na suruali za kijivu kama ninavyofanya sasa hivi. Alafu chini ya kola kuna katundu ka nondo nilikaona wiki ya pili, ningeliinua kwenye mwanga palepale ningekaona.

Matunzo hayana makuu, brashi jioni, henga yenye mabega mapana, na silivai siku 2 mfululizo ili sufu ipumue. Draikilina limeenda mara 3 tu na kifua bado kimelala vizuri.

Nalipatia alama 8 kwa 10. Moja nimekata kwa nondo, nyingine kwa suruali, na ya suruali kosa ni langu.