Kamera ndogo kwa sisi wa Mtwara na Lindi: nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho

Kila msimu korosho zikishalipwa kuna watu wanaanza kuulizia kamera ndogo, sio ya biashara ya kupiga harusi, ni ya kupiga picha zako mwenyewe tu, Mikindani, Msimbati, Kilwa Kisiwani, shambani, watoto wakicheza. Na majibu wanayopewa mengi hayana msaada maana mtu anaanza kuhesabu megapikseli na video ya 4K, hagusi kabisa jua la saa saba mchana wala upepo wa kusi unaorusha chumvi mpaka barazani. Kamera inayosifiwa na mtu wa Ulaya inaweza ikawa nzuri kweli, ila huku pwani ya kusini jua na chumvi ndo vinaamua, kwahiyo mpangilio wangu umekaa hivyo.

Kabla ya yote angalia simu yako. Kama una simu yenye kamera nzuri, picha za mchana za mandhari inakutosha kabisa, na ukienda kununua kamera ya bei rahisi yenye sensa ndogo utaona tofauti kidogo sana na roho itakuuma. Sensa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, na ukubwa wake ndo unabeba picha. Kamera nyingi za bei ya chini zina sensa ya 1/2.3, ina kama milimita 6 kwa 4.5 tu. Inayofuata wanaiita inchi moja (usiichukulie jina kama kipimo, ni milimita 13.2 kwa 8.8), hiyo eneo lake ni kama mara nne ya ile ndogo. Juu yake kuna APS-C, kama mara tatu tena ya inchi moja. Sasa ukiwa kwenye ngoma usiku, taa ni ya balbu mbili na vumbi limetimka, sindimba imekolea, hapo sensa ndogo inakupa punjepunje na mtu aliyevutika kama moshi. Ndo maana nasema ukiamua kutoa hela kwa ajili ya kamera, anzia inchi moja, labda uwe na sababu maalumu kama nitakayoisema kwa namba mbili.

Namba moja: Sony RX100 III, ya mtumba lakini iliyotunzwa. Ilitoka 2014, ikiwa mpya ilikuwa kama dola 800, na leo watu wanaikimbia kwasababu ya umri tu. Ina sensa ya inchi moja, megapikseli 20, lenzi ya milimita 24 mpaka 70 (namba ndogo inaona eneo pana, namba kubwa inavuta karibu) inayofunguka f/1.8 upande mpana na f/2.8 ukivuta zumu; hiyo f ikiwa na namba ndogo, lenzi inaingiza mwanga zaidi. Linganisha na vikamera vinavyoanzia f/3.5, hapo lenzi peke yake inaingiza mwanga karibu mara nne, bado hujaweka faida ya sensa. Inaingia mfuko wa suruali, gramu 290.

Ila sababu kubwa ya kuiweka juu ni kile kidirisha cha kuchungulia. Unabonyeza kitufe pembeni kinachomoka, unakivuta kidogo kwa nyuma, unaweka jicho. Nenda ufukwe wa Shangani, hapa Mtwara, saa sita mchana na kamera isiyo nacho, kioo kinageuka cheusi, unaona kivuli cha sura yako na anga, unapiga kwa kubahatisha halafu ukifika nyumbani upeo wa bahari umelala upande na mtu kakatwa kichwa. Kidirisha kinamaliza hiyo shida moja kwa moja, na ajabu ni kwamba kamera nyingi ndogo za bei kubwa kuliko hii hazina.

Kitu cha pili ni flashi yake, na hapa naomba unisikilize vizuri maana watu wanadhani flashi ni ya usiku. Chukua mvuvi kavaa kofia, kasimama kwenye mchanga mweupe, jua lipo utosini. Kamera inaona weupe wa mchanga inadhani mwanga ni mwingi, inapunguza, uso wa mtu unakuwa giza tupu chini ya kofia, macho huyaoni. Sisi ngozi zetu nyeusi ndo tunaumia zaidi na hilo. Washa flashi kwa kulazimisha, usiiache kwenye oto, msogelee mita mbili hivi, piga. Unapata uso wenye macho yanayong'aa, na bahari nyuma inabaki na rangi yake. RX100 III inaweza hilo hata shata (ile inayofungua na kufunga mwanga) ikiwa na kasi kubwa kwasababu shata yake ipo ndani ya lenzi, tofauti na yale makamera makubwa ambayo flashi ya kawaida inagoma ukipita kama 1/200 au 1/250 ya sekunde. Na ile pete ya mbele kwenye lenzi iwekee kazi ya kuongeza na kupunguza mwanga. Mchanga mweupe unaongeza, kinyago cha mpingo unapunguza, la sivyo mpingo unatoka wa kijivu na hiyo kazi ya fundi Mmakonde umeiharibu.

Udhaifu upo. Zumu inaishia 70, boti iliyo mbali hutaifikia. Haina kinga ya maji wala vumbi. Betri sio ya siku nzima kwa mpigaji mwenye hamu, lakini inachajiwa na waya wa micro USB, ule wa simu za zamani, kwahiyo umeme ukikatika unaichomeka pawabenki na maisha yanaendelea. Aina ya betri ni NP-BX1, na matoleo yote ya RX100 mpaka VII ya 2019 yanatumia hiyohiyo, kuipata sio kazi. Kama hela haifiki, RX100 ya kwanza ya 2012 ina sensa ya ukubwa uleule ila haina kidirisha, hiyo ningeishusha mpaka iwe sawa na ile ya nne hapa chini. Na ukiwa na hela ndefu VII inakupa zumu ya 24 mpaka 200, ila lenzi yake inaanzia f/2.8, usiku unapoteza.

Namba mbili: Olympus Tough TG-6, ya 2019, ikiwa mpya ilikuwa kama dola 450. Sensa yake ni ile ndogo ya 1/2.3 na bado naiweka juu ya kamera zenye sensa kubwa. Kwanini? Kwasababu itakwenda sehemu ambazo zile zingine utaziacha nyumbani. Inaingia majini mita 15 bila kava, inavumilia kuanguka kutoka mita 2.1, ina GPS, na ina lenzi ya f/2.0 ambayo kwa kamera za aina hii ni kitu kikubwa. Maji yakitoka, akina mama wanatafuta pweza na chaza kwenye miamba, unaweza kuizamisha kwenye kidimbwi ukapiga kaa yupo sentimita moja tu kutoka kwenye lenzi, na inafokasi. Kama unaishi na bahari ya Mnazi Bay, au unapanda mashua kwenda Kisiwani kila mara huku mawimbi yanakumwagia, basi kwako hii ndo namba moja na wala usibishane na mimi. Kuna TG-7 ya 2023, tofauti kubwa utakayoishika kwa mkono ni chaji ya USB-C, picha ni zilezile.

Matunzo yake watu hawayajui na ndo zinakufa. Ina milango miwili yenye raba. Kabla ya kuingia majini fungua, angalia raba kwa tochi, chembe moja ya mchanga au unywele mmoja tu unapitisha maji ya chumvi ndani na hapo kamera imekwenda. Ukitoka baharini usiifute tu na shati. Iloweke kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, milango imefungwa, dakika kama kumi, bonyezabonyeza vitufe vyote ukiwa umeiloweka ili chumvi itoke, kisha ikauke kivulini. Na ukinunua ya mtumba usiamini zile mita 15, raba inazeeka, ichukulie kama kamera ya kuvumilia mvua na kumwagikiwa mpaka ubadilishe raba. Wanaozamia kwa mitungi wanapita mita 15 kirahisi, wao wana kava maalumu linalofika mita 45.

Namba tatu, Ricoh GR III ya 2019. Kwa ubora wa picha peke yake ningeipa ya kwanza bila kufikiria mara mbili, maana ni APS-C kwenye mwili wa gramu 257. Lenzi moja tu ya 28, haina zumu, unasogea kwa miguu. Kwa Mikindani pale kwenye majumba ya zamani, milango, kuta zilizobanduka chokaa, wazee kwenye bao, hii kamera imezaliwa kwa hizo kazi, ni kimya na ya haraka na haimtishi mtu. Shida ni vumbi. Lenzi inatoka na kuingia, haijazibwa, na vumbi likishaingia linakaa juu ya sensa, unaanza kuona madoa kwenye kila picha yenye anga, na kusafisha lazima ifunguliwe. Huku kupata fundi wa kuifungua ni mtihani, utaituma Dar na uombe Mungu. Haina flashi, haina kidirisha, betri inapiga picha kama 200 tu. Ukiichukua weka kwenye kimfuko kinachofungwa, usiitupe mfukoni pamoja na mchanga wa jana.

Ya nne ni Canon G7X Mark II ya 2016. Inchi moja, 24 mpaka 100, f/1.8 mpaka 2.8, rangi za ngozi nzuri sana bila kuhangaika, kioo kinageuka kukutazama. Kwenye karatasi inaishinda RX100 III. Lakini haina kidirisha, na watu wa video mtandaoni wameipandisha bei ya mtumba mpaka haieleweki. Ukiipata kwa ndugu kwa bei ya kindugu, chukua.

Ya tano Canon SX740 HS, zumu mara 40, mpaka 960. Najua inavutia, unamuona nahodha wa jahazi lililo mbali. Ila ukifika huko mwisho lenzi ni f/6.9, sensa ndogo, mkono unatetemeka, na hewa ya moto juu ya maji inafanya kila kitu kichezecheze kama kinachemka. Asubuhi mapema inafaa, mchana hapana. Pia haitoi faili za RAW, yaani picha ghafi unayoweza kurekebisha mwanga wake baadaye, kwahiyo ukikosea mwanga hakuna pa kurudi. Kwa anayependa ndege wa mikokoni nitamuelewa.

Mwisho ni vikamera vya zamani, IXUS, Coolpix, Cyber-shot za W. Kwa mtoto wa shule anayetaka kuanza ni sawa kabisa, flashi yao inapendeza kwenye sherehe. Uliza kadi kwanza: Olympus na Fujifilm za zamani zinatumia kadi ya xD, Sony za kabla ya 2010 nyingi zinataka Memory Stick, na nyingine zinakula kadi ya SD isiyozidi GB 2. Unanunua kamera elfu kadhaa halafu kadi huipati popote.

Fujifilm X100VI sijaipanga. Ni kamera nzuri mno, APS-C, megapikseli 40, ina kidirisha, ila ilitoka 2024 kwa dola 1,600, ina gramu 521, haingii mfukoni, na hata kinga ya vumbi haijakamilika mpaka ununue pete na filta juu yake. Na zile kamera zenye majina usiyoyajua zilizoandikwa 48MP au 56MP na zumu mara 16, achana nazo kabisa. Hiyo zumu ni kukata picha tu, hata simu ya kawaida inaizidi.

Sasa ununuzi wenyewe. Wengi tunaagiza Kariakoo inakuja na basi, zaidi ya kilomita 500 mpaka Mtwara, na ukishatuma hela umetuma, kwahiyo tafuta mtu wako Dar, kaka au shangazi, aende akaishike. Mwambie afanye hivi: awashe, avute zumu mpaka mwisho na kurudi mara kadhaa huku ameweka sikio, ikikwaruza kuna mchanga. Amulike tochi ya simu kwenye lenzi kwa upande, akiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, aiache hata ikishushwa bei. Atoke nje apige anga tupu kwa f/11, akuze picha, madoa meusi yanayokaa palepale kwenye kila picha ni vumbi la kwenye sensa. Apige na flashi. Afungue kijumba cha betri aangalie kutu ya kijani. Na kwa Sony aingie kwenye menyu ya lugha, zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani tu na huwezi kubadilisha, hii imeliza watu wengi.

Ikishafika, isikae kabatini kwenye begi la ngozi, masika moja tu fangasi wanaota. Tafuta bakuli la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ila viwe vipya, na kila wiki itoe upige picha mbili tatu ipate hewa na mwanga. Ukitoka kwenye basi au chumba chenye kiyoyozi usiitoe hapohapo nje, lenzi inajaa mvuke, iache ndani ya begi lililofungwa kama robo saa ndo uitoe. Na kadi nunua ya GB 32 ya kampuni inayojulikana, ijaze yote siku ya kwanza kwa video kisha uifungue kwenye kompyuta, kama ni feki itajulikana mapema kabla hujaenda nayo Kilwa.