Uzoefu wangu Magadi: chemchemi za maji moto na historia isiyosimuliwa

Ukitaka kwenda Magadi, Kajiado, nakushauri uende, ila panga safari yako vizuri. Wengi husikia habari za chemchemi za maji moto, wakapakia taulo, wakafika saa saba mchana jua likiwaka, wakakaa kidogo na kurudi Nairobi wakilalamika. Kwangu chemchemi zilikuwa sehemu moja tu ya safari. Kilichonishika zaidi ni historia iliyotapakaa kando ya barabara ile, na kilichoniuma ni kwamba ukishafika mjini wenyewe, hupati pa kusimuliwa.

Tulipita Rongai na Kiserian, tukavuka mabega ya Ngong, kisha barabara ikaanza kuteremka Bonde la Ufa. Kutoka mita karibu 1,700 za Nairobi unashuka hadi kama 600, na joto linakupokea kabla hujafika.

Usipite Olorgesailie bila kusimama. Ni eneo la Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na kwa huduma ndipo mahali bora kuliko pote tulipofika siku ile. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza kuchimba hapo miaka ya 1940, na sehemu moja mashoka ya mawe yameachwa palepale yalipofukuliwa. Unatembea juu ya ujia wa mbao na kuyatazama chini yako, mamia kwa mamia, mengine makubwa kuliko kiganja cha mwanamume. Ya zamani zaidi katika eneo hilo yana umri wa takriban miaka milioni 1.2. Mwanangu aliuliza kwa nini yako mengi hivyo mahali pamoja, na mwongozaji hakumjibu kwa haraka. Alichuchumaa, akamwonyesha ukingo mmoja ulivyochongwa pande zote mbili, akamweleza kwamba palikuwa na ziwa, wanyama walikuja kunywa, na watu wakawa wanarudi hapo kizazi baada ya kizazi. Alitueleza pia kuhusu fuvu la binadamu wa kale lililopatikana mwaka 2003, la miaka kama 900,000, na mawe meusi yanayong'aa kama kioo ambayo watu wa miaka 320,000 iliyopita waliyapata kutoka kilomita 25 na zaidi. Mtu wa namna hiyo anastahili kulipwa vizuri.

Magadi mjini mambo ni tofauti. Mji huu ulizaliwa na kiwanda. Kampuni ya kuchimba magadi iliundwa mwaka 1911, na reli ya kutoka Konza ikafika mwaka 1915. Leo kampuni iko chini ya Tata ya India, na magadi yanayotoka humo hutumika kutengenezea vioo na sabuni. Mwaka huohuo wa 1911 ndipo Wamaasai walipowekewa mkataba wa pili na serikali ya kikoloni ya Waingereza, uliowatoa Laikipia na kuwaleta kusini. Waliupinga mahakamani mwaka 1913, wakashindwa. Mambo haya mawili yalitokea mwaka mmoja, na ndiyo yaliyoifanya Magadi iwe kama ilivyo, lakini hakuna bango nililoliona linalomweleza mgeni. Unaiona reli, unaona nyumba za wafanyakazi, unaona ziwa lenye ganda jeupe na rangi ya waridi inayotokana na vijidudu vinavyopenda maji ya chumvi kali, kisha unabaki kujikisia. Chumba kimoja chenye picha za zamani na mzee mmoja wa kusimulia kingetosha kabisa. Wazee wenyewe wapo!

Nasema hivyo kwa sababu tulimpata mmoja. Chemchemi ziko upande wa kusini wa ziwa, na njia ya kufika huko inapita kwenye udongo unaodanganya, kwa hiyo chukua gari lenye uwezo wa kupita matope na mwongozaji wa Kimaasai kutoka hapo hapo. Patana bei kabla hamjaondoka. Sisi tulitozwa hela mara mbili njiani bila risiti, na hilo lilinikera, kwani hatukujua nani ana haki ya kutoza. Mzee tuliyekwenda naye hakuwa na makosa katika hilo, na alinifaa kuliko ramani yoyote.

Nilipoinama kugusa maji alinizuia. "Dada, usiweke mguu hapo. Ngoja nikuonyeshe pa kuingia." Yako maeneo yenye maji ya kuunguza, na yanafanana kwa macho na yale unayoweza kukaa. Alitembea akijaribu maji kwa vidole, mpaka tukafika mahali yalipopoa. Huko ndiko tulikokaa, na magoti yangu yalitulia kwa kweli, ingawa sidai kwamba ni dawa. Kando yetu palikuwa na samaki wadogo, ndugu wa perege, wakila mwani kwenye mawe katika maji ambayo mkono wangu haukuyavumilia. Wanaishi katika maji yanayozidi nyuzi 40, yenye magadi makali. Mzee alituonyesha pia heroe waliokuwa wakila upande wa pili, na akatusimulia jinsi watu wa kwao walivyokuwa wakileta ng'ombe kulamba magadi tangu zamani, kabla ya kampuni.

Kwa jumla naipa Magadi nyota nne, na Olorgesailie tano. Kama unakwenda, ondoka Nairobi alfajiri, fika ziwani kabla ya saa nne, rudi Olorgesailie alasiri jua likishapungua. Beba maji ya kutosha, kofia, na viatu unavyoweza kuvitia kwenye maji ya magadi bila kuvionea huruma. Jaza mafuta Kiserian. Ukiwa na wazazi au mtoto mchanga, panga choo na kivuli mapema, kwa sababu kwenye chemchemi zenyewe hakuna hata kimoja. Na akina mama wanaouza shanga pale ziwani wana kazi safi ya mkono, bei zao ni za kuelewana, kwa hiyo bebeni pesa taslimu.