Player's Handbook ya 2024: nguvu ya shujaa imefichwa ukurasa gani?

Kitabu kipya cha wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa kurusha dadu, kilichotoka Septemba 2024, kina kurasa 384, fani 12 za mashujaa na matawi manne kwa kila fani. Mgeni akikifungua hukimbilia jedwali la silaha, akadhani nguvu iko pale. Upanga mkubwa wa mikono miwili hupiga kwa dadu mbili za pande 6, wastani 7; upanga wa kawaida hupiga kwa dadu moja ya pande 8, wastani 4.5. Tofauti ni pointi mbili na nusu, na ukishika ule mkubwa huna mkono wa kubebea ngao, yaani umetupa +2 ya kinga, ile namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ili akupate.

Kinachoamua pambano katika mchezo huu ni zamu. Mashujaa wanne dhidi ya zimwi moja wana zamu nne kwa moja, na shujaa wa kuogopwa ni yule anayeongeza zamu za wenzake au kumpokonya adui zamu zake. Kanuni zote zimejengwa juu ya jambo hilo, ila mgeni inabidi alichimbue mwenyewe.

Tuanze na namba za mwanzo. Mgawo wa kawaida ni 15, 14, 13, 12, 10 na 8 kwa sifa sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Haiba. Asili ya shujaa huongeza +2 na +1, au +1 mara tatu. Katika toleo la 2014, kubaki na namba witiri kwa kawaida kulikuwa hasara, maana 17 na 16 zote hutoa nyongeza ile ile ya +3 kwenye dadu. Sasa mambo yamegeuka. Vipaji vinavyopatikana levo ya 4 huja na +1 ya sifa, hivyo anayeanza na 17 hufika 18 na kipaji juu yake. Weka ile 15 kwenye sifa kuu, 14 kwenye Ustahimilivu, kisha +2 iende kwenye sifa kuu. Ustahimilivu usiuguse kwa kuupunguza, hata ukiwa mchawi. Hasa ukiwa mchawi.

Sababu ni hii. Uchawi mwingi wenye maana hudumu ilimradi anayeuroga ameushikilia akilini, na anaweza kushikilia mmoja tu. Akipigwa, anarusha dadu ya pande 20, anajumlisha nyongeza ya Ustahimilivu wake na kutafuta 10, au nusu ya kipigo ikiwa ni kubwa zaidi. Mwenye Ustahimilivu 10 (nyongeza 0) hufaulu kwa asilimia 55. Mwenye 14 (nyongeza +2), asilimia 65. Mwenye 14 na kipaji kinachomruhusu kurusha mara mbili na kuchukua iliyo juu, karibu asilimia 88. Kuroga kundi zima likaduwaa, kisha jiwe moja la kombeo likavunja kila kitu kabla adui hajakosa hata zamu moja, ni kosa la kawaida mno, na huanzia kwenye karatasi ya shujaa siku ya kwanza.

Mfano bora wa nguvu isiyopigiwa makofi ni ile baraka ya levo ya 1 ambayo kasisi huwapa watu watatu: kila mmoja anaongeza dadu ya pande 4 kwenye mashambulio yake na kwenye kujinusuru, yaani kurusha dadu ili kukwepa madhara. Kila +1 kwenye dadu ya pande 20 ni asilimia 5. Mwenye nyongeza ya +5 anayemshambulia adui wa kinga 15 hupata kwa asilimia 55. Akibarikiwa, wastani unapanda hadi asilimia 67.5. Mara watu watatu, mara raundi nne, na kasisi hajagusa rungu.

Jambo jipya lililofanywa vizuri kuliko yote ni ustadi wa silaha. Wapiganaji sasa wana kitu cha kufanya zaidi ya kupunguza pointi za uhai. Fimbo ya vita, kwa mfano, humwangusha adui asipofaulu kujinusuru. Aliyeanguka hupigwa kwa urahisi na walio karibu naye, ndani ya futi 5, lakini mpiga upinde aliye mbali anapata taabu kumlenga. Na akifikiwa na zamu yake, adui huinuka kwa nusu ya mwendo wake. Kwa hiyo angalia mpangilio wa zamu kwanza: kumwangusha mtu ambaye zamu inayofuata ni yake ni kazi bure.

Kwenye uponyaji, uzito umeongezwa. Neno la uponyaji lina dadu mbili za pande 4, hufika futi 60 na hutumia tendo la nyongeza tu, lile dogo la ziada kando ya tendo kuu la zamu. Mguso wa uponyaji una dadu mbili za pande 8 lakini hula tendo zima. Mwenzako akiwa chini kwenye pointi sifuri za uhai, la kwanza ndilo sahihi, mradi limfikie kabla ya zamu yake: unarudisha zamu nzima kwa bei ya tendo dogo.

Paladini amepunguzwa makali. Lile pigo lake takatifu limefanywa uchawi na linakula tendo la nyongeza, hivyo haliwezi tena kurundikwa mara mbili katika zamu moja. Wanaolalamika wanasahau levo ya 6, anapoanza kuwaongezea wenzake wote walio ndani ya futi 10 nyongeza ya Haiba yake kila wanapojinusuru. Kwa Haiba 16 hiyo ni asilimia 15 kwa kila mtu, bila kutumia chochote. Hakuna upanga kitabuni unaoifikia.

Kilichoharibika ni mwindaji wa porini. Fani yake imefungwa kwenye alama ya windo, uchawi wa kushikilia, kwa hiyo akiutumia hawezi kushikilia mwingine ulio bora. Mpaka levo ya 13 kipigo kinaweza kuikatiza alama hiyo, na zawadi ya levo ya 20 ni kuibadili dadu yake ya kipigo cha ziada, ya pande 6, kuwa ya pande 10. Ni zawadi kavu kwa safari ndefu namna hiyo.

Anayetaka kuonja kabla ya kununua atumie kanuni za SRD 5.2 (hati rasmi ya kanuni za msingi za mchezo huu), zilizotolewa bure mwaka 2025: zina fani zote 12, ila tawi moja tu kwa kila fani. Zinatosha kuendesha kampeni. Kitabu kamili kinafaa kwa meza ambayo imeshachoka na matawi hayo, na nakala moja ya kupokezana kwa watu watano inatosha kabisa.