Uzoefu wangu: wxWidgets inajifunzwa ndani ya folda ya samples

wxWidgets ni maktaba ya C++ ya kuandikia programu zenye madirisha. Unaandika msimbo mmoja, unaukompaili kwenye Windows, Linux na Mac. Julian Smart aliianza mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na hadi 2004 ilikuwa ikiitwa wxWindows. FileZilla, KiCad na Poedit zimejengwa juu yake. Sifa yake kubwa ni kwamba haichori vitufe vyake yenyewe: kwenye Windows inatumia vitufe vya Windows, kwenye Linux vya GTK, kwenye Mac vya Cocoa, hivyo programu yako inafanana na nyingine zilizopo kwenye mashine hiyo.

Ninachokipitia hapa ni folda moja tu, `samples`, inayokuja ndani ya kifurushi cha msimbo chanzo. Nimetumia toleo la 3.2, lililoanza kutoka mwaka 2022. Ndani yake kuna programu ndogo zaidi ya 70, na kwangu ndizo somo bora la maktaba hii, kuliko mafunzo mengi ya mtandaoni ambayo bado yanafundisha mtindo wa toleo la 2.8. Lakini zina jambo ambalo mgeni haambiwi: nyingi kati yake hazikuandikwa kumfundisha mtu. Ni meza za majaribio za watengenezaji wenyewe, wanazotumia kuhakikisha kila wijeti (kipande cha dirisha, kama kitufe au kisanduku cha maandishi) inafanya kazi kila mfumo. Ukizifungua kwa mpangilio wa alfabeti utaanza na `access` na `animate`, na utakata tamaa kabla hujafika kwenye kilicho na faida. Mpangilio ndio kila kitu.

Kwanza zijenge. Kwenye Ubuntu au Debian unahitaji `build-essential` na `libgtk-3-dev`. Pakua kifurushi cha toleo rasmi badala ya kuvuta kutoka Git, maana Git inataka `--recurse-submodules`. Ukiisahau, libpng, zlib na wenzao hawapo, na ujenzi unaweza kukwama kwa ujumbe usiokueleza sababu. Kisha:

```
mkdir build-gtk
cd build-gtk
../configure
make -j4
cd samples/minimal
make
./minimal
```

Usijengee ndani ya folda kuu ya msimbo. Ukiwa na folda ya pembeni kama `build-gtk`, siku ukitaka kujaribu mipangilio mingine unaifuta yote na msimbo chanzo unabaki safi. Kwa kujifunza wala huhitaji `make install`. Faili ya `wx-config`, inayomwambia kompaila maktaba iko wapi, imo ndani ya `build-gtk` na inafanya kazi papo hapo. Ukiinstoli kisha programu ikagoma kwa kulalamika kuwa haioni `libwx_gtk3u_core-3.2.so.0`, endesha `sudo ldconfig`, tatizo limekwisha.

Kwenye Windows kwa MinGW (kompaila ya GCC ya Windows), ingia `build\msw` na uandike `mingw32-make -f makefile.gcc BUILD=release SHARED=0`. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukienda `samples\minimal` na kuandika `mingw32-make -f makefile.gcc` peke yake, unapata kosa kwamba `wx/setup.h` haipo. Haijapotea. Katika toleo hili, usipotaja BUILD inachukuliwa kuwa debug, na faili hiyo inatafutwa ndani ya `lib\gcc_lib\mswud`, wakati wewe umejenga release iliyoiweka `lib\gcc_lib\mswu`. Herufi moja ya `d` ndiyo tofauti yote. Chaguo ulizojengea maktaba lazima ziwe zilezile unazojengea mfano, neno kwa neno.

Sasa `minimal` yenyewe. Isome `minimal.cpp` mstari kwa mstari pamoja na maelezo yake, kwa sababu kila mstari umewekwa kwa makusudi. `MyApp::OnInit` inaanza kwa kuita `wxApp::OnInit`. Bila hiyo, chaguo za kawaida za mstari wa amri hazisomwi. Dirisha linaundwa kwa `new` na hakuna `delete` popote, kwa sababu dirisha kuu hujifuta lenyewe linapofungwa. Anayetoka kwenye vitabu vya C++ ataona hili ni uvujaji wa kumbukumbu. Akiongeza `delete` programu inaanguka. Halafu kuna `Show(true)`, kwa kuwa fremu (dirisha kuu), tofauti na kitufe, huzaliwa ikiwa imefichwa. Na `return true` mwishoni: ukirudisha false programu inatoka kimya kimya.

Kitu ninachokisifu zaidi pale ni zile namba mbili za menyu: `Minimal_Quit = wxID_EXIT` na `Minimal_About = wxID_ABOUT`. Mtu anaweza kuziona kama pambo na kuweka 1 na 2. Kwenye Linux na Windows hataona tofauti. Kwenye Mac, menyu ya About na ya kutoka hukaa chini ya jina la programu, na wxWidgets huzihamishia huko kwa kutazama namba hizo. Ukiweka zako, watumiaji wa Mac watazikuta mahali wasipozitarajia.

Jaribio la kwanza la kila mtu ni kuinakili `minimal.cpp` kwenye folda yake mwenyewe. Kwenye Linux inagoma, kwa sababu ndani yake kuna `#include "../sample.xpm"`, ile ikoni iliyo folda moja juu. Nakili ikoni pia, au ondoa mstari huo pamoja na `SetIcon(wxICON(sample))`. Kisha (kama hukuinstoli, andika njia kamili ya `wx-config` iliyomo ndani ya `build-gtk`):

```
g++ minimal.cpp `wx-config --cxxflags --libs` -o minimal
```

Amri ya `wx-config` ikae baada ya jina la faili. Ukiitanguliza, kwenye Ubuntu linka (programu inayounganisha msimbo na maktaba) inatupa maktaba ambazo bado hazijahitajika, na unapata mvua ya `undefined reference`. Kwenye Windows usiiache nyuma faili ya `.rc`. Ndani yake kuna `#include "wx/msw/wx.rc"`, na humo ndimo ilimo manifesti, yaani maelezo yanayoiambia Windows itumie vitufe vya kisasa. Bila manifesti programu inafunguka vizuri tu, lakini vitufe vinaonekana vya enzi za Windows 95.

Baada ya `minimal`, nenda `layout` moja kwa moja. Usipitie `controls` ingawa jina lake linavutia. `controls` ni ya zamani na imejaa `wxPoint` na `wxSize` zilizoandikwa kwa pikseli, na anayeiga mtindo huo anajichimbia kisima. Weka kitufe cha upana wa pikseli 60 kilichoandikwa Save, kisha ukitafsiri kiwe “Hifadhi mabadiliko”: maneno yanakatwa katikati. Kwenye skrini yenye msongamano mkubwa wa pikseli hali ni mbaya zaidi. `layout` inafundisha saiza, yaani vitu visivyoonekana vinavyopanga wijeti kwa uwiano. Fungua dirisha lake la Proportions, badilisha namba, vuta pembe ya dirisha, utazame kila sehemu inavyogawana nafasi. Uwiano 0 maana yake baki na ukubwa wako. 1 na 2 maana yake nafasi iliyobaki igawanywe theluthi moja na theluthi mbili.

Kuna kosa moja la saiza utalikuta kila unapochukua msimbo wa zamani: kisanduku cha onyo kinachosema alama za mpangilio wa mlalo hazina kazi ndani ya saiza ya mlalo. Aliyeuandika anakuwa ameweka `wxALIGN_RIGHT` ndani ya `wxBoxSizer(wxHORIZONTAL)`. Saiza ya mlalo tayari inamiliki mwelekeo huo. Ukitaka kitu kisukumwe kulia, tangulia na `AddStretchSpacer()`. Zamani maktaba ilinyamaza, sasa inasema, na ni bora iseme.

`widgets` ni meza ya majaribio hasa, na bado ndiyo ninayoifungua mara nyingi kuliko zote. Kila wijeti ina ukurasa wake: upande mmoja visanduku vya kuweka tiki kwa kila mtindo, upande wa pili wijeti yenyewe, chini kumbukumbu ya matukio. Ukitaka kujua `wxTE_PROCESS_ENTER` inabadilisha nini, weka tiki, bonyeza Enter, soma chini. Ukifungua msimbo wake utaona kwamba mitindo mingi haibadilishwi kwenye wijeti iliyokwisha kuundwa; mfano unaivunja na kuiunda upya. Fanya hivyohivyo kwenye programu yako badala ya kuita `SetWindowStyle` na kushangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Kuhusu matukio (kubonyeza kitufe, kuvuta dirisha na kadhalika), `minimal` inatumia jedwali la matukio, mtindo wa zamani ambao bado ni halali. Kwa msimbo mpya tumia `Bind`, na mfano wake umo kwenye `event`. Kanuni moja iandike ukutani: ukishika tukio la `wxEVT_SIZE` usisahau `event.Skip()`, la sivyo fremu haipangi tena vilivyomo ndani yake. Na ukishika `wxEVT_CLOSE_WINDOW` bila kuita `Destroy()` wala `Skip()`, dirisha halifungiki.

`thread` ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Programu yoyote ya maana itapakua kitu au kusoma faili kubwa, na ukiifanya kazi hiyo ndani ya kishughulikia kitufe, dirisha linaganda. Suluhisho ni thredi ya pili, yaani mkondo wa kazi unaoenda sambamba na ule mkuu, lakini thredi hiyo hairuhusiwi kugusa wijeti yoyote. Ubaya ni kwamba ukiigusa, mara nyingine inaonekana kufanya kazi, kisha inaganda au kuanguka kwenye mashine ya mteja. Kwenye mfano, chagua menyu ya kuanzisha thredi ya kazi na usome nyuma yake: thredi inafanya hesabu, inatengeneza `wxThreadEvent`, inaweka namba kwa `SetInt`, inaituma kwa `wxQueueEvent`. Thredi kuu inaipokea na kusogeza kipimo cha maendeleo. Mtumiaji akibonyeza Cancel, thredi kuu inabadilisha alama moja tu inayolindwa na `wxCriticalSection`, na thredi ya kazi inaitazama kila mzunguko. Hakuna anayemuua mwenzake.

Tazama pia jinsi mfano huo unavyofunga. Thredi za aina ya detached hujifuta zenyewe zikimaliza, kwa hiyo kielekezi ulichokihifadhi kinaweza kuwa kinaelekeza kwenye hewa. Mfano unaweka orodha ya thredi hai chini ya ulinzi, na kabla ya kutoka unasubiri semafoo (ishara ya kusubiriana) inayosema zote zimekwisha. Sehemu hii mafunzo mengi huiruka, na ndiyo chanzo cha programu zinazoanguka wakati wa kufungwa.

Kwa sisi tunaotaka programu izungumze Kiswahili, `internat` ndiyo mlango. wxWidgets inaijua lugha yetu kwa jina `wxLANGUAGE_SWAHILI`. Unda folda `sw` kando ya zile za lugha nyingine, weka `internat.po` iliyotafsiriwa, kisha `msgfmt -o sw/internat.mo sw/internat.po`, na uendeshe `./internat sw`. Kama unapenda kutafsiri ndani ya Poedit, faili ya `.mo` inatengenezwa ukihifadhi. Kwenye Linux hakikisha kwanza kwa `locale -a` kwamba `sw_TZ` au `sw_KE` ipo. Kwenye Ubuntu ikikosekana, `sudo locale-gen sw_TZ`. Bila hivyo unaweza kuambiwa lugha haiwezi kuwekwa, ukadhani tafsiri yako ndiyo mbovu.

Zilizobaki chukua kwa mahitaji. `xrc` ukitaka kuchora madirisha kwa faili ya XML, `image` kwa picha, `printing` kwa kuchapisha. Mifano inayosoma faili za pembeni iendeshwe ukiwa ndani ya folda yake, vinginevyo haizioni. Picha ya PNG ikikataa kufunguka kwenye programu yako mwenyewe, umesahau `wxInitAllImageHandlers()` ndani ya `OnInit`. `webview` inahitaji maktaba ya WebKit ya GTK iwepo kabla ya `configure`, si baada yake.

Wanaotumia Python wana wxPython, yenye programu moja kubwa ya maonyesho ambamo unahariri msimbo wa mfano na kuuendesha palepale, ukiwa na nakala asili pembeni. Kwa kujifunza wijeti haraka, inaizidi folda ya C++. Tahadhari ni kwamba kwenye Linux `pip` mara nyingi hujaribu kuijenga yote kutoka msimbo chanzo. Tafuta kifurushi cha distro yako (aina ya Linux unayotumia) kwanza.

Pengo la `samples` ni usambazaji. Hakuna mfano unaokuonyesha jinsi ya kuipeleka programu kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Faili iliyo karibu na hilo ni `samples/minimal/CMakeLists.txt`, kiolezo kizuri kinachoweka `.rc` kwa Windows na kifurushi cha `.app` kwa Mac. Anzia hapo mradi wako. Kwa Windows, jenga kwa `SHARED=0` na uongeze `-static` unapolinka kwa MinGW, la sivyo mteja ataambiwa `libstdc++-6.dll` haipo. Leseni ya wxWidgets inakuruhusu kulinka namna hiyo hata kama programu yako ni ya kuuza na msimbo wake huutoi.