Kliniki ya ushauri nasaha jijini Mwanza: tathmini ya mteja mwenye kushuku

Kliniki ninayoitathmini ni ya binafsi, iko katikati ya jiji la Mwanza, ghorofa ya pili ya jengo ambalo chini yake kuna duka la vifaa vya umeme na wakala wa fedha za simu. Jina lake nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa bado nahudhuria pale na sipendi jirani yangu wa Kirumba asome hapa kisha aanze kuchunguza nani anapanda ngazi zile. Mlango huo wa pamoja ndio jambo la kwanza ninalolipa alama nyingi, maana anayekuona ukiingia hawezi kujua umefuata swichi ya taa au daktari wa akili.

Nina tatizo la haiba ya kushuku kupita kiasi, ambalo wataalamu huliita haiba ya kiparanoidi. Mwanasaikolojia wa pale alinieleza jambo hili kwa utaratibu ambao sikuwahi kuupata kwingine: kwamba mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano lililotoka 2013, unataja dalili saba na kutaka zionekane walau nne, miongoni mwake kutilia shaka uaminifu wa marafiki bila sababu ya kutosha, kuogopa kumwambia mtu siri, kusikia tusi ndani ya neno la kawaida, kuweka kinyongo kwa miaka na kumshuku mwenza kuwa si mwaminifu. Alinieleza pia kwamba huu si ugonjwa wa skizofrenia, kwa sababu sisikii sauti zisizokuwepo, na kwamba mfumo mpya wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, hauzigawi tena haiba kwa majina kama hili, bali hupima kwanza ukali wa tatizo. Kwa mtu kama mimi, anayeamini kwamba kila daktari anaficha kitu, kuonyeshwa kwamba wataalamu wenyewe wanabishana kuhusu jina la tatizo langu kulinituliza kuliko maneno ya kunitia moyo.

Nafanya biashara ya dagaa Mwaloni, na niseme wazi kwamba pale sokoni tabia yangu ilisifiwa kwa muda mrefu. Mwenye kurudia kupima mzigo, anayekagua gunia hadi chini akitafuta mchanga na asiyemkopesha hata binamu yake huitwa mjanja, na watoto huambiwa wajifunze kwake. Tatizo lilionekana pale mashaka yaliponifuata nyumbani, nikawa naisoma simu ya mke wangu, nikavunja ushirika na mtu aliyenisaidia kupata mtaji kwa sababu tu alicheka na mteja wangu kwa Kisukuma cha haraka ambacho sikukidaka. Ndiyo maana wengi wetu hatuendi hospitali wenyewe. Hupelekwa na mke au mwajiri aliyechoka, na mimi nililetwa na mke wangu.

Huduma yenyewe ndani ya chumba ni bora sana. Mwanasaikolojia huzima simu yake na kuiweka mezani mahali ninapoiona, kiti cha mgeni kimeelekezwa mlangoni, na kabla hajafunga faili hunisomea kwa sauti yote aliyoyaandika, akiniruhusu kupinga sentensi nisiyoikubali. Siku moja nilidai kwamba ameshirikiana na mke wangu, naye hakukasirika wala hakuniapia. Aliniuliza ni ushahidi gani ninao, kisha akaniomba nitaje maelezo mengine yanayoweza kufaa, nikataja mawili kwa shida. Hanisifu wala hajifanyi rafiki, jambo ambalo ni busara, kwa kuwa ukarimu uliozidi hunifanya nijiulize anataka nini. Aliniambia mapema kwamba hakuna dawa mahususi ya tatizo hili, kwamba dawa hutolewa pale wasiwasi au sonona vinapoambatana nalo, na kwamba mazungumzo huchukua muda mrefu. Kikao ni shilingi 30,000, bima haipokelewi, na kwa mfanyabiashara mdogo gharama hiyo inauma.

Mapokezi ndipo penye kasoro kubwa. Dada wa pale aliniuliza kwa sauti, mbele ya benchi lililojaa, "Baba, wewe ni wa akili au wa ushauri wa ndoa?" Nikamjibu kwamba mimi ni wa saa nne. Benchi zima liligeuka, na mama mmoja akasogeza pochi yake upande wa pili. Katika nchi ambayo Mirembe, hospitali ya Dodoma inayotibu watu, imegeuzwa kuwa tusi la kumtupia yeyote anayekasirika hadharani, swali la namna hiyo linaweza kumfukuza mgonjwa asirudi tena. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazotakiwa kulindwa kwa uangalifu zaidi, hivyo hili si suala la adabu peke yake. Nililalamika kwa maandishi. Sasa huita kwa namba, ingawa faili zetu bado zina rangi tofauti na za wengine, na anayekaa benchini kwa muda ataelewa maana yake.

Nimpongeze pia mwanasaikolojia kwa kumwalika mke wangu baada ya kuniomba ridhaa, kwani shemeji zangu walikuwa wamegawanyika, baadhi wakitaka nipelekwe kwa mganga na wengine kwenye maombi ya mkesha, wote wakikubaliana kwamba nimerogwa na washindani wa Mwaloni. Maelezo hayo, kwa bahati mbaya, yalikuwa yananipendeza sana, kwa sababu yalithibitisha kwamba kweli kuna watu wananiandama.

Ninapendekeza kliniki hii kwa mwenye tatizo kama langu, kwa masharti kwamba aweke miadi kwa ujumbe wa simu badala ya kujieleza dirishani, aombe kikao cha kwanza cha asubuhi kabla benchi halijajaa, na adai kusomewa faili lake tangu siku ya kwanza. Jumamosi wanafunga saa saba mchana.